Timu ikipigwa wachezaji wanakimbizwa, na bosi je?

Timu ikipigwa mechi tatu mfululizo, kinachofuata anakijua hata muuza karanga wa nje ya uwanja. Jumatatu asubuhi magari mawili matatu yenye vioo vyeusi yanaingia uwanja wa mazoezi. Anashuka mwenyekiti, wanashuka wajumbe wa kamati ya utendaji, anashuka na jamaa wa kupiga picha. Wachezaji wanaitwa katikati, wanasimama nusu duara mikono nyuma kama wanafunzi waliochelewa namba. Wanaambiwa wameiaibisha klabu, wanaambiwa jezi hiyo ni nzito, asiyeiweza aseme. Kisha kocha anaelekezwa aongeze dozi: asubuhi na jioni, na ikibidi ufukweni, kwenye mchanga, mpaka watu watapike.

Jioni picha zinapanda mtandaoni. Wachezaji wamelowa jasho, maneno ya juu yanasema kazi imeanza. Mashabiki nao wanafurahi: "Hapo sawa! Wamezidi kula bata hao, wakimbizwe!"

Wiki inayofuata timu inapigwa ya nne.

Kabla ya kumsema mwenyekiti, haki itendeke kwanza. Mazoezi magumu ni kazi ya mcheza mpira kama jembe lilivyo kazi ya mkulima. Mchezaji wa leo anakimbia kilomita 10 mpaka 12 ndani ya dakika 90, huku akisimama, akigeuka, akiruka na kugombea mpira. Hakuna anayezipata pumzi hizo kitandani. Na sio siri kwamba wapo wachezaji Bongo ambao wakishasaini na kupokea fedha ya usajili, mpira kwao umeisha. Usiku wako viwanja, saa nane wanaposti picha na mashori mezani, asubuhi wanamwambia daktari wa timu nyonga inauma. Dakika ya 60 straika ameshika kiuno, beki anamwangalia winga anavyompita kama basi la mwendokasi. Mchezaji wa aina hiyo anastahili kukimbizwa, na kelele za jukwaani ni haki yake kabisa.

Historia nayo iko upande wa wanaotaka jasho. Alex Ferguson alipofika Manchester United Novemba 1986, timu ilikuwa nafasi ya 21 kati ya timu 22. Alikuta kikosi chenye majina makubwa na chupa nyingi. Akaanza na hicho: pombe, uzembe, pumzi fupi. Mwaka 1989 aliwauza Paul McGrath na Norman Whiteside, wachezaji waliopendwa na mashabiki, kwa kuwa maisha yao ya nje ya uwanja hayakuendana na timu aliyoitaka. Hakuna kitu kigumu kwa kocha kama kumgusa kipenzi cha jukwaa.

Lakini wanaoisimulia hadithi ya Ferguson huku nyumbani huwa wanaikata nusu. Wanasimulia ukali, wanaacha yaliyobaki. Mzee huyo alikuwa mtu wa kufika uwanja wa mazoezi mapema kabla ya wachezaji wake, na sheria aliyompa kijana wa akiba ndiyo aliyompa nyota. Tena viongozi wa juu yake nao walikuwa na kazi yao. Mwishoni mwa 1989 matokeo yalikuwa mabovu kiasi kwamba mashabiki walinyanyua bango uwanjani wakitaka aondoke. Viongozi wakakaa kimya, wakamwacha afanye kazi. Mei 1990 akabeba Kombe la FA, na mwaka 1993 akaleta ubingwa wa ligi ambao klabu iliusubiri miaka 26. Tangu siku aliyofika mpaka ubingwa huo ilipita zaidi ya miaka sita. Mwenyekiti wa Bongo anayelitaja jina la Ferguson kwenye kikao huwa anamaanisha mechi sita.

Mfano mwingine ambao wapenda jasho wanaupenda ni Marcelo Bielsa, Muargentina aliyeichukua Leeds United mwaka 2018. Leeds ilikuwa imemaliza nafasi ya 13 daraja la pili la Uingereza, klabu kubwa iliyogeuka kichekesho. Bielsa aliwapima wachezaji uzito, akawapunguza, akawakimbiza. Alikuwa na zoezi moja la mechi ya wao kwa wao ambalo mpira haukuruhusiwa kusimama. Ukitoka nje unaingizwa mwingine papo hapo, hakuna kurusha taratibu, hakuna kufunga kamba za viatu. Wachezaji wenyewe waliliita zoezi la mauaji.

Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa vijiweni. Nusu nyingine ni hii. Siku za mwanzo aliuliza shabiki wa kawaida wa Leeds anatakiwa afanye kazi saa ngapi ili apate hela ya tiketi. Akaambiwa kama saa tatu. Akawaita wachezaji, akawapa kazi ya kuokota takataka kuzunguka uwanja wa mazoezi kwa saa tatu. Hapo hakuna pumzi iliyojengwa wala msuli uliokazwa. Kilichojengwa ni akili: mchezaji ajue jasho analodaiwa linatoka kwa nani.

Halafu Januari 2019 ikaja kesi. Mtu wa Bielsa alikamatwa akichungulia mazoezi ya Derby County, wapinzani wao. Klabu ikapigwa faini ya pauni 200,000. Bielsa hakumtupia lawama kijana aliyetumwa, alisema ni yeye aliyeagiza. Na ile faini ya klabu akailipa kwa hela yake ya mfukoni.

Kocha anayelipa faini kutoka mfukoni kwake anaweza kumwambia beki aongeze mizunguko kumi na beki akaongeza bila kununa. Mwaka 2020 Leeds wakapanda Ligi Kuu wakiwa mabingwa wa daraja lao, baada ya miaka 16 nje. Waliopanda wengi wao walikuwa wale wale aliowakuta.

Hapo ndipo tatizo la timu nyingi za Bongo zilizo mkiani linapoonekana. Viongozi wanalipenda lile zoezi la mauaji, ila faini hawaitaki.

Chukua nahodha wa timu ya namna hiyo. Ligi ina timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, mbili za juu yake zinaenda kuchujana. Timu yake iko nafasi ya 14. Mshahara wa mwezi uliopita haujaingia, na wa mwezi juzi uliingia nusu. Mke anapiga simu, ada ya mtoto. Mwenye nyumba anapiga simu, kodi. Mdogo wake wa kijijini anampigia akidhani kaka ni tajiri kwa kuwa amemuona kwenye televisheni. Dogo wa kikosi cha pili anamfuata chumbani usiku: "Kaka, naomba hata elfu tano ya nauli." Nahodha huyo asubuhi yuko mchangani anavuta tairi.

Siku moja anajipa moyo, anamfuata mwenyekiti. Anaanza na shikamoo. Anasema wenzake wamemtuma, wanaomba tu kujua tarehe. Hawagomi, hawatishi, wanataka tarehe. Jibu analorudi nalo ni lile lile la kila klabu: "Shindeni kwanza, hela itakuja." Wiki mbili baadaye jina lake halipo kwenye kikosi, na kuna minong'ono kwamba nahodha anawagawa wachezaji.

Kuanzia siku hiyo hakuna mchezaji atakayemfuata mwenyekiti. Kila mmoja anajifunza kuuchunga mguu wake. Anakimbia kwa akili, anaruka nusu, hachezi mpira wa kuumia, kwa kuwa anajua akiumia hakuna wa kumtibu na mkataba wake unaisha Juni. Jukwaani wanasema hawana moyo. Moyo wanao, ila wameshajua anayewadai hana mpango wa kuwalipa.

Halafu kuna suala la mwili, ambalo viongozi wengi hulisikia sikio moja. Zoezi lenyewe halimjengi mchezaji wakati analifanya. Zoezi linauchosha msuli na kumaliza akiba ya nguvu mwilini. Kinachojenga ni chakula na usingizi vinavyofuata, na akiba hiyo huchukua siku nzima au zaidi kurudi. Ndiyo maana kocha wa viungo anayejua kazi yake anapanga siku ngumu, kisha siku nyepesi, kisha mechi. Sasa timu imesafiri kwa basi kutoka Dar kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, miguu imekunjwa kutwa nzima. Wamefika, wamekula wali maharage, wamelala wawili kitanda kimoja. Wamecheza, wamepigwa, wamerudi kwa basi lile lile. Kesho yake asubuhi kiongozi anataka mazoezi mara mbili kwa siku kwa sababu ana hasira. Wiki hiyo hiyo wawili wanashika nyuma ya paja. Kuumia nyama za paja ndiyo ajali inayowapata wacheza mpira kuliko zote duniani, na mtu aliyechoka huipata kirahisi zaidi. Kiongozi anaita bahati mbaya. Wengine wanaanza kumtafuta mganga.

Hata Bielsa mwenyewe jambo hilo lilimfika shingoni. Msimu wa 2021/22 majeruhi walimjaa, kikosi kilikuwa chembamba, naye hakubadilisha namna ya kucheza wala ya kufundisha. Februari 2022 Leeds wakafungwa mabao 20 ndani ya mwezi mmoja, na akatimuliwa. Mashabiki wengi walihuzunika, na sura yake ilishachorwa kwenye kuta za mji ule, kwa kuwa waliona alikuwa mkweli nao. Lakini kupendwa hakumpi mchezaji mguu mpya. Jasho nalo lina kipimo chake.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo si ya kupuuza. Viongozi wanasema: hela hamna. Mapato ya mlangoni ni madogo, mdhamini kachelewa, mfadhili kaondoka. Ni kweli, klabu nyingi za Tanzania zinaishi kwa mfuko wa mtu mmoja, na mtu huyo akichoka, klabu nzima inaugua. Jangwani wanalijua hili kuliko wote. Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo mpaka msimu wa 2016/17, mwenyekiti aliyekuwa anaibeba akajiuzulu Mei 2017, na miaka minne iliyofuata kombe lilikuwa la Msimbazi tu.

Ila ndani ya miaka hiyo ya njaa kuna somo ambalo watu wamelisahau kwa sababu ya utani. Msimu wa 2018/19 Yanga ilikuwa na kocha Mkongo ambaye hakuficha hali ya klabu. Alisema wazi kwamba hela hakuna, akawa mbele kwenye kuwahamasisha mashabiki wachangie timu yao. Watani wakacheka mpaka mbavu zikauma, jina la bakuli likawabandika Wananchi kwa miaka. Lakini kikosi kile cha bakuli, chenye wachezaji ambao wengi walionekana wa kawaida sana, kilikimbia. Kilimaliza nafasi ya pili. Timu iliyokosa mishahara ya uhakika ilisumbua timu tajiri mpaka mwisho wa ligi, kwa sababu aliyewadai jasho alikuwa anawaambia ukweli, na walimwona anahangaika kwa ajili yao.

Na hapo hapo kuna somo la pili. Bakuli halikuleta kombe. Ukweli unaweza kumfanya mchezaji avumilie msimu mmoja, pengine na nusu ya mwingine. Kocha yule naye alitimuliwa Novemba 2019. Kombe lilirudi msimu wa 2021/22, pale klabu ilipokuwa na mdhamini mwenye uwezo, usajili wa maana, na kocha Mtunisia aliyekuja Aprili 2021, akakosa ubingwa msimu huo na bado akaachwa aendelee. Msimu uliofuata Yanga ikawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mazoezi hayakupungua makali. Ila safari hii anayekimbizwa asubuhi alijua mwisho wa mwezi kutasomeka nini kwenye simu yake.

Kwa hiyo kiongozi asiye na hela ana kazi ya kufanya, na nyingi ya kazi hizo ni za bure. Kumwambia mchezaji tarehe ya kweli hakugharimu chochote. Kumwambia kwamba tarehe hiyo imeshindikana, kabla haijapita, nako ni bure. Safari ya Mwanza ikiwa na viti viwili vya ndege, akae mlinda mlango mwenye mgongo mbovu badala ya mjumbe wa kamati anayeenda kuangalia mechi. Posho za vikao zikatwe kabla ya posho za kambi. Mwenyekiti ale chakula cha kambini siku mbili kwa wiki, bila mpiga picha. Atajua mwenyewe kwa nini winga wake anakata pumzi dakika ya 60.

Na sheria iwe moja. Kama kuchelewa mazoezi ni faini, nyota aliyelala viwanja alipe kama alivyolipa dogo wa kikosi cha pili. Timu mbovu nyingi hazifi kwa kukosa mazoezi makali. Zinaanza kufa siku wachezaji 25 wanapoona mmoja wao amerudi kambini siku tatu baadaye, na kocha ameambiwa amwanzishe kwa kuwa ni kijana wa mzee fulani. Kuanzia siku hiyo kocha anaweza kuwakimbiza mpaka Bagamoyo, atakaowapata ni miili tu.

Kuna jambo lingine ambalo viongozi wangefaa kulikumbuka kabla ya kuingia uwanjani na vioo vyeusi. Kanuni za FIFA, tangu 2018, zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba endapo klabu itashindwa kumlipa angalau mishahara ya miezi miwili, baada ya kuiandikia na kuipa siku 15 ilipe. Mchezaji wa kigeni anaijua kanuni hiyo kama namba ya simu yake. Anaandika barua, anahesabu siku, anapanda ndege, kesi inaenda FIFA, na klabu inafungiwa kusajili mpaka ilipe deni na riba. Kisha ofisa habari anawaambia mashabiki kuna hujuma.

Mzawa haandiki barua. Anaogopa kuitwa msaliti, anaogopa jina lake kuzungushwa kwa viongozi wa klabu nyingine kwamba ni mkorofi. Anabaki. Ndiye yule anayeonekana kwenye picha za mchangani, amelowa, amekunja uso. Maisha yake ya mpira ni miaka kumi hivi kama Mungu amemjalia magoti, na mwaka mmoja kati ya hiyo ameutumia kukimbia bure. Siku atakayoacha, atarudi mtaani kwao na ataulizwa hela zote zilienda wapi.

Siku za usoni timu nyingine itapigwa tatu mfululizo, na magari yataingia tena uwanja wa mazoezi Jumatatu asubuhi. Wachezaji watasimama nusu duara. Mwenyekiti atasema anataka kuona jasho, na hana kosa kulitaka. Ila pale mbele yake kutakuwa na vijana 25 walioshika simu zao usiku kucha wakisubiri ujumbe wa benki. Kama ujumbe uliingia, au kama kuna mtu mzima aliyekaa nao jana yake na kuwaambia ukweli, watakimbia mpaka wachomwe na mchanga. Kama hapana, watakimbia kwa ajili ya picha, na Jumamosi kila mtu jukwaani ataiona tofauti.